IIS na kazi za usiku: kupanga saa ya kuanzisha programu upya

Kazi ya kutuma ankara imepangwa saa nane usiku. Siku tatu inakwenda vizuri, ya nne inakatika katikati, ya tano haianzi kabisa, na msimbo haujaguswa. Ukiona dalili hizi kwenye seva ya IIS (programu ya Microsoft ya kuendesha tovuti kwenye Windows), chunguza kwanza uhai wa w3wp.exe, ule mchakato unaobeba programu yako.

Kila kundi la programu lililo chini ya Application Pools huja limewekewa kuanzisha mchakato wake upya kila dakika 1740, yaani saa 29. Kwa kuwa muda huo umezidi siku kwa saa tano, saa ya kuanza upya haitulii: leo saa tisa alasiri, kesho saa mbili usiku, zamu inayofuata saa saba usiku. Ipo siku itaiangukia kazi yako. Mchakato wa zamani hupewa sekunde 90 kumaliza maombi uliyonayo, lakini kazi inayoendeshwa na kipima muda ndani ya programu si ombi, kwa hiyo haingojwi.

Wengi hurekebisha hilo na kusahau la pili. Zikipita dakika 20 bila ombi lolote, mchakato huzimwa, na kipima muda hufa nao. Usiku hakuna wateja. Ndiyo maana kazi haianzi.

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, ingia %windir%\system32\inetsrv, kisha (hapa kundi na tovuti vyote vinaitwa Ankara; weka majina yako):

appcmd set apppool "Ankara" /recycling.periodicRestart.time:00:00:00
appcmd set apppool "Ankara" /+recycling.periodicRestart.schedule.[value='04:30:00']
appcmd set apppool "Ankara" /processModel.idleTimeout:00:00:00
appcmd set apppool "Ankara" /startMode:AlwaysRunning
appcmd set app "Ankara/" /preloadEnabled:true

Mistari miwili ya mwisho huenda pamoja. Bila preloadEnabled, mchakato utaamka lakini programu yenyewe italala hadi ombi la kwanza lifike. Usiendeshe amri hizi kazi ikiwa inaendelea, maana kubadili mipangilio ya kundi nako huanzisha upya.

04:30 hapo ni saa kumi na nusu alfajiri kwa saa ya seva. Seva nyingi za kukodi huwekwa kwenye UTC, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu; huko andika 01:30:00. Hakikisha kwa tzutil /g. Kuchagua saa, tazama muda mrefu zaidi ambao kazi imewahi kuchukua, hasa mwisho wa mwezi, ongeza nusu yake, kisha acha nafasi ya kurudia mara moja.

Linalouma zaidi ni ankara kutumwa mara mbili. IIS huwasha mchakato mpya kabla ya kuuzima wa zamani ili wateja wasikatizwe, na kwa kitambo hicho vipima muda viwili viko hai. Unaweza kuzuia kwa disallowOverlappingRotation, ila maombi yatasubiri kwenye foleni hadi programu iamke. Mimi napendelea kufuli la hifadhidata. Kwa SQL Server, ita sp_getapplock ukiwa na LockOwner ya Session na LockTimeout ya 0. Jibu likiwa chini ya sifuri, toka bila kufanya lolote. Mchakato ukifa, muunganisho hukatika na kufuli hufunguka lenyewe. Pia weka alama kwenye kila ankara mara tu inapotumwa, ili kazi iliyokatika iendelee ilipoishia.

Kazi inayozidi dakika chache, itoe kabisa ndani ya IIS na uikabidhi Task Scheduler ya Windows. Hata ratiba nzuri haizuii mtu kugusa web.config, faili la mipangilio ambalo likibadilika programu huanza upya, saa nane usiku, wala kikomo cha kumbukumbu kufikiwa.

Kujua nani aliua kazi, fungua Event Viewer, orodha ya matukio ya System, chanzo WAS (huduma ya Windows inayosimamia michakato ya IIS): 5074 ni muda uliotimia, 5076 ratiba, 5117 kikomo cha kumbukumbu, 5186 kukaa bila maombi. Ukiona 5013, mchakato ulishindwa kufunga ndani ya muda wake. Baadhi ya matukio hayaandikwi hadi uyawashe kwenye mpangilio wa kundi uitwao logEventOnRecycle. Ongeza Schedule na ConfigChange.