Je, plasma inaweza kuwa na tungamo hasi?

Mwezi Juni 1965, rubani James McDivitt akiwa ndani ya chombo cha Gemini 4 alitaka kukisogelea kipande cha roketi iliyowapeleka angani. Alikielekeza chombo kule kipande kiliko, akawasha injini. Kipande kikazidi kuwa mbali. Akajaribu tena na tena, mafuta yakapungua, mwishowe ikabidi aachane nacho.

Chombo hakikuwa kibovu. Kitu kinachoizunguka dunia ukikisukuma mbele hupanda juu zaidi, na huko juu mzunguko ni mrefu na mwendo ni wa polepole, kwa hiyo kinachelewa. Wataalamu wa nyota wana jina la utani kwa jambo hili: tabia ya punda. Mvute aende, atabaki nyuma. Mzuie, atakwenda mbio.

Naanzia hapo kwa sababu swali la tungamo hasi tunaulizwa kila mara, na mara nyingi muulizaji ameshaona video ya mtu anayedai kuitengeneza kwa plasma. Plasma (wengine huiita utegili) ni gesi iliyopata moto au umeme wa kutosha hata elektroni zikabanduka kwenye atomi. Radi ni plasma, na ule mwali unaomtaka fundi wa kuchomelea vyuma avae miwani myeusi ni plasma pia. Tungamo nalo ni ule ugumu wa kitu kusogezwa: nguvu ni sawa na tungamo mara mchapuko (kiasi ambacho mwendo unabadilika). Sasa ukisukuma mbele na kitu kikarudi nyuma, hesabu hiyo itakupa tungamo yenye alama ya kutoa. Alama imetoka kwenye mwendo, kilo hazijaguswa.

Mahali ambapo wanafizikia wanaandika “tungamo hasi” bila haya ni kwenye mitambo ya kuzungusha chembe. Chukua protoni nyingi, chembe zenye chaji kama zilizomo kwenye plasma, zinazozunguka kwenye bomba la duara. Mwanzoni, ukiiongezea protoni nishati, inakimbia zaidi na kuwahi kumaliza duara. Lakini ikishakaribia kasi ya mwanga, kasi haina tena pa kuongezeka. Nishati ya ziada inaipanua njia yake, njia inakuwa ndefu, na protoni iliyosukumwa mbele inafika ikiwa imechelewa. Punda tena.

Wajenzi wa sinkrotroni ya protoni (mtambo wa aina hiyo) ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe, duara la mita 628 huko Geneva, walikutana na kikwazo hiki mwaka 1959. Kila protoni zilipofika kwenye nishati ambapo tabia inageuka, zilipotea. Tarehe 24 Novemba jioni walijaribu kifaa kidogo cha elektroniki cha Wolfgang Schnell, kilichofungwa ndani ya kopo la Nescafé, cha kurekebisha wakati wa msukumo wa umeme. Protoni zikavuka, zikafika GeV 24 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe). Mtambo mkubwa kuliko yote wakati ule, na tiba yake ikatoka kwenye kopo la kahawa!

Kuna kioja kingine. Protoni zote zina chaji chanya, kwa hiyo zinafukuzana. Ungetegemea lundo lao litawanyike. Lakini kwenye duara, baada ya mgeuko ule, protoni iliyo mbele ya lundo inasukumwa mbele, inapata nishati, inachukua njia ndefu na kurudi lunduni. Iliyo nyuma inasukumwa nyuma, inapoteza nishati, inapita njia fupi na kulikuta lundo. Zinafukuzana huku zinasongamana. Hali hiyo ndiyo inayoitwa msukosuko wa tungamo hasi, na inaweza kuuharibu mwali wote.

Mwaka 2017 magazeti yalitangaza kwamba Washington State University nchini Marekani wamepata “tungamo hasi”. Walipoza atomi za rubidi, aina ya metali, hadi karibu na sifuri halisi, yaani baridi isiyoweza kuzidi, wakazipiga leza, zikaenda kinyume cha msukumo. Jaribio safi kabisa, ila punda ni yuleyule. Ungeziweka kwenye mizani, ungepata uzito wa rubidi.

Tungamo hasi ya kweli ni kitu kingine. Mwanafizikia Hermann Bondi aliipigia hesabu mwaka 1957: ukiweka mpira wa tungamo hasi karibu na wa tungamo chanya ya kiasi kilekile, wa kwanza unamfukuza wa pili, wa pili unamvuta wa kwanza, na wote wanaondoka upande mmoja wakizidisha kasi bila mwisho na bila mafuta. Kanuni za nishati hazivunjiki, kwa kuwa jumla ya tungamo ni sifuri. Hakuna aliyewahi kukiona kitu cha namna hiyo.

Wengine walitegemea kinyumemaada (maada ambayo chembe zake zina chaji zilizogeuzwa), wakidhani pengine huanguka kwenda juu. Mwaka 2023 kikundi cha ALPHA, hukohuko CERN, kilitoa majibu. Walinasa atomi za kinyume cha haidrojeni ndani ya sumaku, wakailegeza sumaku taratibu, wakahesabu zinatokea wapi. Nyingi zilitokea chini.