Mteja si kile kidude kilicho juu ya tangi

Wiki iliyopita, kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha mafundi, kijana mmoja aliandika: "Mteja wa Mtopanga amekufa tangu saa nane usiku, nitamfufua kesho." Alikuwa akisema kipima-maji tulichokifunga juu ya tangi la nyumba ya kupanga huko Mtopanga, Mombasa. Mwenye nyumba, tuliyemwingiza kikundini kwa uzembe wetu wenyewe, alipiga simu akihema: ni mpangaji gani, na mbona yeye hakuambiwa? Watu walicheka mpaka jioni.

Mimi nilicheka kidogo tu. Nilimwandikia kijana pembeni: kama kipima-maji ndicho mteja, ile programu yako ya Python inayokisikiliza ni nani? Akajibu bila kusita, "Hiyo ndiyo seva, mzee." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno. Nimelisikia kwa wanafunzi, kwa mafundi wa kamera, na hata kwa bwana mmoja aliyekuja kutuuzia mfumo mzima, amevaa tai katika joto la Februari. Leo nimechoka.

Maana ya mteja huyu wa kompyuta, na ya maktaba yake, tuimalize haraka. Maktaba ya mteja ni msimbo ulioandikwa tayari, ambao programu yako inauita ili izungumze na huduma fulani kwa lugha ya huduma hiyo, wewe usihangaike kupanga baiti moja moja. Kwa vifaa vilivyounganishwa, lugha hiyo mara nyingi ni MQTT, na kwa watu wa Python maktaba iliyozoeleka ni paho-mqtt ya mradi wa Eclipse. Unaisakinisha kwa pip, chombo cha Python cha kusakinishia maktaba, unaunda mteja, unampa anwani ya broka, yaani programu ya katikati inayopokea ujumbe na kuugawa, na poti 1883, au 8883 kama mawasiliano yamefichwa kwa TLS (watu wa bandari ya Kilindini wasicheke, poti hizi hazina kreni). Kisha unajiandikisha kwa mada unazotaka kuzisikia, na unachapisha ulilo nalo la kusema. Basi. Aliyetaka maana tu anaweza kwenda zake Mwembe Tayari akanywe kahawa.

Waliobaki, tulishike neno mteja.

Zamani mteja hakuwa mnunuzi. Alikuwa mtu aliye mikononi mwa mganga: ametoka kwao, ameufuata mlango wa mganga, amepokewa, na sasa yuko chini ya tiba yake. Biashara ikalichukua neno, na muuza duka akawa na wateja wake, maana nao humwendea. Mitaani likakatwa kichwa likawa teja, mtu aliyefungwa na unga, na hakuna mama wa Mji wa Kale anayelitamka bila uchungu. Halafu zikaja simu za mkononi na ile sauti ya bibi mpole, "mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa", mpaka vijana wetu wakaligeuza neno tena. Leo mtu akikwambia "nilikupigia ukawa mteja", anakulaumu kwamba simu yako ilikuwa imezimwa.

Ukiziangalia maana hizo, ile ya kejeli ya simu ukiiweka kando kwanza, zote zina mtu mmoja anayeondoka kwake kwenda kwa mwingine. Mganga hazunguki mitaani akigonga milango kuuliza nani anaumwa. Nao Warumi, ambao neno klaenti, ndilo mteja kwa Kiingereza, limetoka kwao, walikuwa na desturi iyo hiyo: cliens alikuwa mtu huru lakini mwenye kumtegemea tajiri, na asubuhi mapema alikwenda mlangoni kwa tajiri huyo kumsalimu. Waliotafsiri klaenti kuwa mteja, sijui walifikiri dukani au kwa mganga, lakini walipatia kuliko sisi tunaolitumia kila siku.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja tu: nani anapiga hodi? Anayepiga hodi ndiye mteja. Anayekaa ndani akingoja, na kusema karibu, ndiye seva. Ukubwa wa mtambo hauhusiki, bei haihusiki, wala kama mtambo una skrini au hauna. MQTT imelifanya jambo hili wazi mno: ujumbe wa kwanza kabisa kwenye waya huitwa CONNECT, nao ndio hodi, na jibu lake huitwa CONNACK, nalo ni karibu, au "hatukujui, rudi ulikotoka." Kipima-maji cha Mtopanga kinapiga hodi kwa broka. Programu ya Python ya kijana wetu nayo inapiga hodi kwa broka iyo hiyo. Wote wawili ni wateja. Seva ni broka, kwetu sisi programu iitwayo Mosquitto, na hakuna nyingine.

Hapa kijana alinibishia, tena kwa hoja nzuri. Programu yake, alisema, iko kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, ile ile yenye Mosquitto. Ni kweli. Lakini kulala nyumbani kwa mwenye nyumba hakukufanyi mwenye nyumba. Programu yake inapiga hodi chumba cha pili, kwa anwani ya localhost, yaani kompyuta iyo hiyo, na inajibiwa karibu kama mgeni mwingine yeyote. Siku akiihamishia kwenye kompyuta yake ya Tudor, broka haitatambua tofauti.

Kuna wanaokwepa neno seva wakaiita broka dalali. Sitawakatalia moja kwa moja. Dalali limetoka Kiarabu, shina moja na dalili, na asili yake ni mwenye kuonyesha njia. Kwa asili hiyo linafaa, maana broka inaangalia mada iliyoandikwa juu ya ujumbe na kuuelekeza kwa waliojiandikisha. Lakini dalali tunayemjua sisi, wa soko la Kongowea, hufunua gunia, akatia mkono, akasema viazi hivi vina maji, akashusha bei na kukata chake. Broka haifunui gunia. Ukituma joto la friji ya samaki au shairi, kwake ni baiti tu. Na kiwango chenyewe cha MQTT 3.1.1, kilichopitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2014, kinataja pande mbili tu, mteja na seva. Broka ni jina la mazoea.

(Kwa kuwa tumefika kwenye majina: herufi MQ zilitokana na bidhaa ya IBM iliyoitwa MQSeries. Anayekuapia kwamba MQTT ni foleni ya ujumbe mwulize kwa nini ujumbe uliochapishwa kwenye mada isiyo na msikilizaji unapotea hivyo hivyo, isipokuwa umeombwa ubakizwe. Paho nayo si kifupisho cha chochote. Ni neno la Kimaori, maana yake kutangaza, kueneza habari.)

Mtu anaweza kuuliza, majina ya nini yote haya, mradi maji yanapimwa? Yanaleta hasara, ndiyo maana. Anayeamini kwamba Python yake ni seva na kidude ni mteja huanza kuziwazia njia zisizokuwapo. Nimemwona fundi akipoteza siku nzima akitafuta anwani ya IP ya kidude ili programu "ikipigie", akafungua matundu kwenye ruta ya mwenye nyumba, na kidude chenyewe kilikuwa kwenye laini ya simu ambayo huwezi kuifikia kutoka nje hata ukikesha. Hakuhitaji lolote kati ya hayo. Mteja ndiye anayetoka kwenda nje, na ruta karibu zote humruhusu anayetoka. Akishapokewa na broka, mlango unabaki wazi na maneno yanapita pande zote mbili. Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper walipoibuni lugha hii mwaka 1999, shida yao ilikuwa mabomba ya mafuta yaliyo mbali, yanayosemeshwa kwa setilaiti kwa gharama kubwa. Ndiyo maana kichwa cha ujumbe kinaweza kuwa baiti 2 tu, na ndiyo maana inatufaa sisi wa bando la kuhesabu.

Hasara ya pili niliila mimi mwenyewe, na bado inaniuma. Tulikuwa na pampu inayozimwa kwa ujumbe kutoka programu ya Python. Nilichapisha kwa kiwango cha huduma cha 1, kile kinachodai risiti. Risiti ikaja. Nikafunga kompyuta, nikaenda zangu. Asubuhi uwanja mzima ulikuwa ziwa, na maji yenyewe yalikuwa ya kununua, ya lori. Nilisoma risiti nikadhani imetoka kwa pampu. Risiti ilitoka kwa broka. Mteja anaandikiana na seva yake, si na mteja mwenzake, kwa hiyo "imepokewa" maana yake ni "imefika kwa broka", na safari ya kutoka broka hadi kwenye pampu ni habari nyingine, yenye kiwango chake na risiti yake. Kiwango cha 2 nacho hakibadilishi hilo. Kinahakikisha tu kwamba ujumbe haufiki mara mbili katika kila kipande cha safari. Ukitaka kujua kama pampu imezimika, pampu yenyewe ichapishe "nimezima" kwenye mada yake, na programu yako iwe imejiandikisha kuisikia. Mtu angenieleza hivyo kabla ya ile asubuhi, ningempa hela ya lori.

La tatu nilitaje kwa kupita. Kila mteja ana jina lake mbele ya broka. Ukinakili programu kwenye kompyuta mbili bila kubadilisha jina hilo, broka itampokea wa pili na kumtoa wa kwanza, wa kwanza atarudi na kumtoa wa pili, na mtakesha mkilaumu mtandao.

Lakini wasia ndio unaonionyesha zaidi kwamba waliobuni lugha hii walijua mteja ni nani. Mteja akipiga hodi anaweza kuacha wasia kwa broka: nikikatika ghafla, chapisha maneno haya kwenye mada hii. Stima ikipotea Mtopanga na kidude kikanyamaza, broka inangoja. Katika paho-mqtt, kimya kinachovumilika ni sekunde 60 usipokibadilisha, na kiwango cha MQTT kinataka broka ikate tamaa baada ya mara moja na nusu ya hapo, yaani 90. Kisha inausoma wasia hadharani. Ukiaga vizuri kabla ya kuondoka, wasia unachanwa, kwa kuwa hukufa, umeondoka tu. Kijana angeandika mstari mmoja wa wasia, asingehitaji kutangaza kifo kikundini.

Na msidhani kidude hakiwezi kamwe kuwa seva. Mita nyingi za umeme za viwandani husema Modbus, lugha ya mwaka 1979, na kwa Modbus ya TCP, ile inayopita kwenye mtandao, mita ndiyo inayokaa kwenye poti 502 ikingoja kuulizwa. Programu ya Python hutumia pymodbus, maktaba ya Modbus, ikapiga hodi na kuuliza: volti ngapi? Kidude kidogo ukutani ni seva, na kompyuta kubwa ya ofisini ni mteja. Mpaka mwaka 2020 watu wa Modbus walikuwa wakiwaita bwana na mtumwa, kisha wakahamia mteja na seva. Bwana wa jana ndiye mteja wa leo. Huyo anayepima useva kwa ukubwa wa kasha aende akaisome sentensi hiyo mara mbili.

Sasa turudi kwa bibi mpole wa simu, niliyemweka kando. Nimemsikiliza upya, na naona yeye peke yake ndiye anayelisema neno sawasawa. Hasemi "rafiki yako hapatikani". Anasema mteja, na mteja wa nani? Wa mtandao. Simu yake inajitambulisha kwa mnara, na simu yako pia. Wewe uliyepiga ni mteja, na uliyempigia ni mteja. Anachokueleza ni kwamba mwenzako ameacha kupiga hodi kwetu, na sisi hatuna njia ya kumfuata aliko. Hivyo hasa ndivyo broka ingesema kama ingekuwa na sauti.

Basi, kijana wangu, siku nyingine andika hivi: "Kipima-maji cha Mtopanga kimekatika kwa broka tangu saa nane usiku." Ile programu yako nayo iite mteja, haitapungukiwa heshima. Mwenye nyumba tumeshamtoa kikundini. Tumemwomba radhi pia, na ameuliza kama kidude kinaweza kumwambia mpangaji gani anaacha bomba wazi.