Mnara wa Chumbe na taa ya gesi inayojua jua limekuchwa

Wageni wanaofika kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, hupanda mnara, wakatazama bahari, wakashuka. Mnara wenyewe ulijengwa na Waingereza mwaka 1904 ili kuongoza vyombo vinavyokuja bandarini, na mwaka 1926 taa yake ikageuzwa kuwa ya gesi. Kwangu mimi, ugeuzaji huo ndio unaostahili kuelezwa kwa kirefu.

Kimo tukimalize haraka. Kwa kuwa bahari imepinda, chukua kipeuo cha pili cha kimo cha taa kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha kimo cha jicho la nahodha, kisha zidisha kwa 2.08. Jibu ni umbali ambao taa itaonekana, kwa maili za baharini. Taa iliyo mita 30 juu ya maji na nahodha aliye mita 2: maili 14.3. Ongeza mita 10 nzima za ujenzi, utapata maili 16.1 tu. Ndiyo maana mafundi walihangaikia zaidi mwanga kuliko mawe.

Gesi yenyewe ni asetilini, ambayo mwali wake ni mweupe na mkali. Shida yake ni kwamba ikishindiliwa peke yake mtungini hulipuka hata bila hewa. Dawa ni kuujaza mtungi kitu chenye vitundu vidogo vidogo, kukilowesha asetoni, na kuiacha gesi iyeyuke humo. Lita moja ya asetoni hubeba takribani lita 25 za gesi katika kanieneo ya kawaida, na nyingi zaidi kanieneo ikipanda. Mtungi lazima usimame wima, la sivyo asetoni hutoka pamoja na gesi. Mabomba yasiwe ya shaba tupu: asetilini na shaba huzaa chumvi inayolipuka kwa kuguswa tu.

Mhandisi wa Uswidi, Gustaf Dalén, ndiye aliyeifanya gesi hii ifae minara ya visiwani isiyofikika kila siku. Alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, mwaka uleule mlipuko ulipompofusha. Kazi yake nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni vali ya jua. Ndani ya bilauri ya kioo mna fimbo moja nyeusi, imezungukwa na fimbo tatu zilizong'arishwa. Kukipambazuka, nyeusi hufyonza mwanga na kurefuka kuliko wenzake kwa kiasi kidogo mno, ikasukuma wenzo na kufunga gesi. Magharibi zote hulingana joto, gesi ikafunguka. Wingu zito la mvua mchana nalo huiwasha taa.

Kumetameta ni kazi ya chombo kingine: gesi hujaa chini ya kiwambo cha ngozi hadi kinyanyuke, ikatoka kwa mkupuo na kuwashwa na kimwali kidogo kisichozimwa. Muda wa mwako na wa giza hurekebishwa kwa skrubu. Kwa kuwa giza ni refu kuliko mwako, mtungi hudumu sana.

Kimwali hicho kikizimwa na upepo, gesi huendelea kumwagika bila kuwaka. Ukinusa harufu kama ya kitunguu saumu, funga mtungi wa gesi usibaki wazi, pitisha hewa chumbani, ndipo utafute kiberiti. Lenzi ya Fresnel, yaani kioo chenye ngazi ngazi kinachokusanya mwanga na kuuelekeza baharini, ioshwe kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ifutwe kwa kitambaa laini. Ukifuta kikavu, punje za chumvi huikwaruza. Mwali nao ukae katikati ya lenzi kabisa, kwani ukihama milimita chache mwanga hupaa angani.

Vali ya jua ina magonjwa mawili. Bilauri ikichafuka, fimbo nyeusi haipati mwanga. Zile zilizong'arishwa zikififia, nazo hupata joto na tofauti hupotea. Katika hali zote mbili vali haifungi, taa inawaka mchana na gesi inakwisha mapema. Hasara hiyo inavumilika, maana kosa limeelekezwa upande wa mwanga: chombo kikiugua, jahazi la usiku bado linaiona taa.