Asidi ya Yuriki Ikipanda, Usiishie Kuilaumu Nyama

Wengi wakiambiwa asidi ya yuriki imepanda huacha nyama, hata maharage, ilhali soda haikauki mezani na kitambi kipo palepale. Maharage hayana kosa: tafiti hazijaonyesha kwamba yanaleta jongo, yaani maumivu makali ya maungio yatokanayo na asidi hii. Kitambi na soda ndivyo vya kutazamwa kwanza.

Asidi hii ni taka inayobaki mwili unapovunja purini, kemikali zilizomo kwenye seli na kwenye vyakula, na sehemu kubwa ya purini hizo hutoka kwenye seli zetu wenyewe, si kwenye sahani. Figo hutoa takribani theluthi mbili yake, iliyobaki hupitia utumboni. Kwa wengi wenye kiwango cha juu, tatizo ni figo kutoitoa ya kutosha. Mafuta yakijaa tumboni, seli huanza kuikaidi insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kongosho hulazimika kumwaga nyingi zaidi, na insulini hiyo huzifanya figo ziirudishe asidi kwenye damu badala ya kuiacha iende na mkojo. Ndiyo maana jongo, presha, mafuta kwenye ini na kisukari cha aina ya 2 hukutwa mara nyingi kwa mtu mmoja.

Soda huingilia kwa njia nyingine. Nusu ya sukari ya kawaida ni fruktosi, nayo ini huichakata kwa pupa, likimaliza akiba ya nishati ya seli, na mabaki yake huwa asidi ya yuriki. Bia huongeza purini na pia huzibana figo.

Kiwango kikizidi miligramu 6.8 kwa desilita, chembe ngumu zinaweza kujijenga kwenye maungio, hasa kidole gumba cha mguu. Lakini si kila mwenye kiwango hicho anahitaji dawa. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hii, haikupunguza kasi ya figo kudhoofika. Mwenye jongo linalojirudia ni habari nyingine kabisa: huyo anahitaji dawa kila siku, maumivu yawepo yasiwepo, kiwango kishuke chini ya 6.

Ukipewa majibu ya juu, omba upimwe pia presha, sukari, kreatinini (kipimo cha utendaji wa figo), mafuta ya damu na kiuno. Mtajie daktari dawa unazotumia, kwani haidroklorothiazaidi ya presha hupandisha asidi hii na losatani, nayo ya presha, huishusha. Usiache yoyote kwa uamuzi wako. Uzito upunguze polepole, maana kujinyima chakula ghafla huipandisha zaidi.