Gramu chache haimaanishi ndo inaisha kwanza

Leo nimesahihisha ripoti nyingine ya maabara imeandikwa "kitendanishi kikomo (yaani kile kinachoisha kwanza na kusimamisha mmenyuko) ni haidrojeni kwa sababu gramu zake ni chache". Nikaweka kalamu chini. Jamani, mizani haijui kemia!

Haya, 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Una gramu 10 za haidrojeni na gramu 64 za oksijeni. Geuza ziwe moli, yaani hesabu ya chembe badala ya uzito (gawanya gramu kwa uzito wa moli moja, 2 kwa haidrojeni, 32 kwa oksijeni): haidrojeni 5, oksijeni 2. Moli 2 za oksijeni zinataka moli 4 za haidrojeni na we unazo 5, kwahiyo oksijeni ndo inaisha, pamoja na uzito wake wote ule, haidrojeni inabaki gramu 2. Maji gramu 72. Jumlisha na zile 2 unapata 74 ulizoanza nazo. Huku kujihakiki ni sekunde kumi tu na karibu hakuna anayefanya.

Lakini hao nawasamehe. Wanaonikera ni waliofika nusu ya njia, wanageuza kuwa moli vizuri kabisa alafu wanachagua yenye moli chache wanaenda kulala. Angalia amonia, N₂ + 3H₂ → 2NH₃. Naitrojeni gramu 28 ni moli 1, haidrojeni gramu 4 ni moli 2. Eti naitrojeni ndo kikomo, moja si ndogo kuliko mbili? Na ile 3 mbele ya haidrojeni imewekwa urembo? Gawanya kila moli kwa namba yake kwenye mlinganyo: naitrojeni 1, haidrojeni 0.67 hivi. Haidrojeni ndo inaisha.

Sasa hapo hapo kuna shimo lingine, mtu anaichukua ile 0.67 anaandika ndo moli za amonia. Siyo! Hiyo inakwambia mlinganyo unaweza kwenda raundi ngapi kabla kitu hakijaisha, na kila raundi moja inatoa amonia 2, kwahiyo moli 1.33, kama gramu 22.7. Mimi mwenyewe sina uhakika kama hii njia ya kugawanya inasaidia au inawapa watu kitufe cha kubonyeza bila kufikiri, kuna siku naifundisha na kuna siku naificha.

Na nikiri kitu: kwa amonia hiyo "inaisha" ni ya kwenye karatasi. Mmenyuko unarudi nyuma pia, kiwandani gesi ikipita mara moja kwenye kichocheo inageuka kama asilimia 15 tu, iliyobaki inazungushwa tena. Zao la kinadharia, yaani kile kiasi unachokipata kwenye karatasi, ni dari tu, wala halikuahidi kwamba utafika.

Dari hiyo ndo inanifanya niwe mkali mtu akiniletea asilimia 119 ya dari. Alitengeneza aspirini kwa gramu 2.0 za asidi salisiliki, anhidridi ya asetiki inayomenyuka nayo ilikuwa imezidi mbali, kwahiyo asidi ndo kikomo na dari ni gramu 2.61. Yeye kapima 3.1, kafurahi kweli. Nikagusa karatasi ya kuchujia, imelowa chapachapa. Nikamwambia acha ikauke mpaka kesho, kesho yake ikasoma 2.2, asilimia 84, na akaniuliza gramu 0.9 zake zimeenda wapi.