Hapana, Kenya Haijahalalisha Ndoa za Jinsia Moja

Nimetumiwa tena ile meseji. Imeshazunguka magrupu ya ukoo, ya vikoba, ya wazazi wa shule, na sasa imetua mpaka kwenye grupu la mawakili, watu waliokaa darasani wakasoma sheria jamani: "Mahakama ya Juu Kenya yahalalisha ndoa za jinsia moja, Tanzania tunafuata." Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa, mkiulizwa tumeni linki.

Hukumu yenyewe ni ya tarehe 24 Februari 2023 na ilikuwa kesi ya usajili wa NGO, basi. Eric Gitari alitaka kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, bodi ya kuratibu mashirika ikamkatalia majina aliyopeleka, akaenda Mahakama Kuu akashinda, rufaa akashinda, na Mahakama ya Juu majaji watatu dhidi ya wawili wakasema uhuru wa kujumuika ni wa kila mtu. Hakuna aliyewaomba majaji wale waseme chochote kuhusu kuoana. Na wangeombwa wangekutana na Ibara ya 45 ya Katiba yao ya 2010, inayotaja haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, halafu kuna kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachofanya tendo la jinsia moja kuwa jinai, ambacho Mahakama Kuu Nairobi ilikataa kukifuta Mei 2019. Kwa hiyo pale Kenya shirika unasajili, tendo ni jinai, ndoa haipo, vyote kwa wakati mmoja, na mtu akikwambia haviwezi kukaa pamoja mwambie vimekaa.

India ndiyo inaonyesha vizuri zaidi. Jinai ya tendo waliifuta Septemba 2018, watu wakaandika India imehalalisha ndoa, halafu tarehe 17 Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ileile ikakataa kuitambua ndoa ya jinsia moja ikasema hilo ni la Bunge. Miaka mitano katikati watu walikuwa wanaforwadi uongo.

Nchi zenye ndoa kamili zipo na wala si siri, Uholanzi ilianza tarehe 1 Aprili 2001, Afrika Kusini 2006 na hapa Afrika ipo peke yake, Marekani nchi nzima Juni 2015, Taiwan 2019, Thailand Januari 2025, na nyingine nyingi tu. Ila wanaosema "Ulaya yote" imehalalisha, hapana, Italia tangu 2016 wana muungano wa kiraia, ndoa hawajawapa. Na waraka wa Vatican wa Desemba 2023 uliruhusu wenza wa jinsia moja wapewe baraka fupi nje ya liturujia, yaani nje ya ibada rasmi, huku ukisema wazi ndoa ni ya mume na mke, na Kanisa halitungi sheria ya ndoa ya nchi yoyote, tuendelee.

Sasa hili ndilo linalonikera kuliko yote, watu kuamini kwamba karatasi yoyote ya Ulaya isiyoandikwa "ndoa" ni ya mashoga. Nilikuwa na mteja, mama wa Kifaransa, mwenza wake Mtanzania alifariki akaacha kiwanja huku Bunju. Wawili hao hawakufunga ndoa, walikuwa na PACS, ule mkataba wa wenza ambao Ufaransa iliuanzisha mwaka 1999. Kwenye kikao cha ukoo baba mdogo wa marehemu akaishika tafsiri, akasoma mstari mmoja, akaisukuma katikati ya meza kama kitu kichafu: "Wakili, hii ni ile mikataba ya mashoga, mtoto wetu hakuwa hivyo." Mama wa watu yupo palepale, mwanamke mzima kakaa kwenye kiti, analia, na hajaelewa Kiswahili kilichosemwa. Nilimwambia, baba, shikamoo, lakini angalia aliyesaini.

PACS ni ya watu wazima wawili wowote, wa jinsia moja au tofauti, na sehemu kubwa kabisa ya wanaosaini leo ni mwanamume na mwanamke ambao hawataki mlolongo wa ndoa. Uingereza nao, ushirika wa kiraia ulianza Desemba 2005 ukiwa wa jinsia moja tu, ikabidi Rebecca Steinfeld na Charles Keidan, mwanamke na mwanamume, waende mpaka Mahakama ya Juu, wakashinda 2018, na tangu mwisho wa 2019 huko England mwanamke na mwanamume wanasajili pia. Na PACS msiichanganye na dhana ya ndoa ya kifungu cha 160 cha Sheria yetu ya Ndoa, ile ya kukaa pamoja miaka miwili, PACS inasajiliwa siku moja na inavunjwa hata na mmoja peke yake bila kesi ya talaka. Baba mdogo alikuwa anapigana na karatasi ambayo hata haimpi yule mama urithi, maana mwenza wa PACS kwa sheria ya Ufaransa harithi kama hakuna wosia. Wosia ulikuwepo. Hilo ndilo tulipaswa kulijadili, tukapoteza kikao kizima.

Kosa la pili ni la wasomi zaidi: wakisikia mahakama "imetambua ndoa ya nje" wanaacha kusoma. Uliza imetambuliwa kwa ajili ya nini. Namibia, Mei 2023, Mahakama ya Juu ilisema wenza wa jinsia moja waliofunga ndoa Afrika Kusini na Ujerumani wahesabiwe wenzi kwa sheria ya uhamiaji, yaani mtu apate kukaa na mwenzake. Windhoek hawakuanza kufungisha ndoa hizo, na wabunge wakakimbilia kupitisha miswada ya kuipinga hukumu. Romania 2018 hivyohivyo, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliwaambia wampe Mmarekani kibali cha makazi kwa sababu alifunga ndoa na Mromania Brussels, sheria ya ndoa ya Romania yenyewe ikabaki walivyoiweka wenyewe.

Hapa lakini nakiri nina wasiwasi na mstari ninaouchora kati ya kibali cha makazi na ndoa yenyewe. Novemba 2025 mahakama hiyohiyo ikaiambia Poland iitambue ndoa ya Wapolandi wawili iliyofungwa Ujerumani, na hapo umeshatoka kwenye makazi tu. Kwa hiyo anayesema leo kibali kesho ndoa hajatunga kila kitu, kwa Ulaya ana hoja, kwa Namibia hana.

Kwetu Tanzania kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na jinai ipo, adhabu ni kali mno. Na tafadhali msiniletee nyumba ntobhu ya Wakurya kama ushahidi wa upande wowote. Pale mwanamke asiye na mtoto wa kiume anamtolea mwanamke mwingine mahari ili apate watoto wa kuendeleza nyumba, mwanamume wa kuzaa naye yupo, mapenzi kati ya wanawake hao hayamo kabisa. Kenya, Mahakama Kuu Mombasa mwaka 2011 ilimtambua mke wa namna hiyo kwa mila ya Kinandi kwenye kesi ya mirathi, na kilichoangaliwa ni kama taratibu za mila zilifuatwa kweli.