Holsta Isiyoikaa Bastola Vizuri: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Mkoba wa bastola, au holsta kama wengi wanavyouita, una kazi tatu: kufunika kifyatulio chote, kuishika bastola hata ukikimbia au ukiinama, na kukuachia mpini wazi ili uushike barabara kabla ya kuchomoa. Ikikosekana moja, holsta hiyo ina kasoro hata kama imeshonwa kwa ustadi wa ajabu.

Kabla ya jaribio lolote lililoelezwa hapa, toa magazini (kasha la risasi), vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma, hakikisha chemba (tundu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa) ni tupu kwa macho na kwa kidole, kisha peleka risasi zote chumba kingine. Ukitoka chumbani na kurudi, kagua upya.

“Ikibana, iache tu, itazoea.”

Hilo ni kweli kwa ngozi, si kwa plastiki. Holsta nzuri ya ngozi hufinyangwa ikiwa imeloweshwa maji juu ya mfano wa bastola, na inapokauka husinyaa kidogo. Ndiyo maana ikiwa mpya hukataa hata bastola iliyotengenezewa. Funga bastola tupu kwa mfuko mwembamba wa plastiki, tabaka moja tu, isukume hadi ikae mahali pake, uiache usiku kucha. Rudia usiku wa pili ikihitajika. Usiipake mafuta ili ilainike: mafuta hulegeza nyuzi za ngozi zinazoishika bastola, na baada ya miezi kadhaa mdomo wa holsta huanza kujikunja kwa ndani. Usiianike juani wala kuiweka ndani ya oveni.

Kydex haizoei. Ni plastiki inayofinyangwa kwa joto la takriban nyuzi 160 hadi 180 za Selsiasi, na ikishapoa hubaki na umbo lake. Ikibana, anza na skrubu iliyo karibu na kinga ya kifyatulio, ile inayopita katikati ya washa (pete) ya mpira. Ilegeze robo mzunguko, jaribu, kisha robo nyingine. Mtu anayezungusha mizunguko miwili kwa pamoja hupitiliza kipimo bila kujua alikipitia wapi.

Ukishapata kipimo, weka alama kwa kalamu, toa skrubu, tia tone dogo la gundi ya buluu ya kuzuia skrubu kulegea (mfano Loctite 242), irudishe kwenye alama na usubiri saa 24. Gundi iguse nyuzi za skrubu tu, iliyozidi uifute, kwa sababu baadhi ya plastiki hupasuka zikilowa gundi hiyo. Ile nyekundu usiiguse kabisa: kuifungua kunahitaji joto kali, na joto hilo litaharibu holsta kabla skrubu haijasogea.

“Inayobana zaidi ndiyo salama zaidi.”

Holsta iliyokazwa kupita kiasi humlazimisha mtu kunyakua bastola kwa nguvu. Mshipi hupanda nayo, mshiko huharibika, na kidole kinachohangaika hutafuta pa kukaa, mara nyingi kwenye kifyatulio. Isitoshe, washa ya mpira hubanwa ikapoteza mnepo wake na Kydex huanza kupasuka kwenye tundu la skrubu.

Jaribio ni rahisi. Tia bastola tupu, geuza holsta mdomo chini takriban sentimita 30 juu ya godoro, uitikise kwa nguvu ya kawaida. Bastola isidondoke. Kisha ivae na uchomoe: itoke kwa mvuto mmoja, bila kuhitaji mkono wa pili kushikilia holsta. Ule mlio wa “klik” hauthibitishi chochote. Hutokea pale kibonyeo cha Kydex kinapoangukia mbele ya kinga ya kifyatulio, na holsta iliyolegea pia huweza kuutoa.

“Bastola ya kampuni ileile lazima iingie.”

Hapa ndipo asili ya malalamiko mengi. Glock 19 na Glock 23 hushiriki holsta kwa sababu umbo lao la nje linalingana, lakini Glock 21 ni nene zaidi na haina nafasi humo. Glock 19 ya kizazi cha 5 ina kiachio cha slaidi pande zote mbili, hivyo baadhi ya holsta za vizazi vya nyuma huikwaruza au kuizuia. Bastola ya mtindo wa 1911 yenye reli (sehemu ya kufungia tochi) chini ya mtutu haiingii kwenye holsta ya 1911 isiyo na reli, hata urefu wa mtutu ukiwa sawa.

Tochi huleta tatizo kubwa zaidi. Holsta ya bastola yenye tochi kwa kawaida huishika tochi, si kinga ya kifyatulio. Ukiitoa tochi, bastola huelea ndani. Holsta iliyofinyangwa kwa tochi ya Streamlight TLR-1 haifai tochi ya TLR-7, na tochi pana huacha mwanya kuzunguka kifyatulio ambao skrubu haiwezi kuuziba. Kwa hiyo kabla ya kuandika lalamiko, linganisha maneno ya oda yako na maandishi yaliyochorwa kwenye slaidi, neno kwa neno.

“Inatikisika, basi imetengenezwa vibaya.”

Pima mshipi kwanza. Vitanzi vya milimita 44 juu ya mshipi wa milimita 38 huacha nafasi ya milimita 6. Mshipi laini wa suruali ya ofisini nao hujipinda kwa uzito.

“Hewa moto kidogo na msasa vitamaliza tatizo.”

Ukingo mkali unaochoma kiuno unaweza kuulainisha kwa msasa namba 400. Lakini watengenezaji wengi hukataa dhamana ya holsta iliyochomwa au kukatwa na mteja, kwa hiyo usiiguse kabla hawajakujibu.

Kuna kasoro tatu ambazo hazirekebishwi nyumbani: kifyatulio kinachoonekana au kufikika kwa kidole kupitia kwenye mwanya, mdomo unaojikunja ndani, na ufa kwenye tundu la skrubu au la klipu. Mkunjo wa ngozi kuukuu huingia ndani ya kinga ya kifyatulio wakati bastola inarudishwa, na mkono unaosukuma chini ndio unaokamilisha kufyatua. Usalama wa Glock uko kwenye kifyatulio chenyewe, nao hautofautishi ngozi na kidole. Watu wamejipiga risasi pajani hivyo. Holsta ya namna hiyo ivue leo.

“Ukifoka ndiyo watakusikiliza.”

Anayejibu barua za wateja anahitaji kujua kosa liko kwenye umbo, kwenye ushonaji au kwenye oda. Mtumie namba ya oda, jina kamili la bastola na kizazi chake, tochi kama ipo, mkono unaotumia na upana wa mshipi. Ongeza picha tatu: ubavuni, mdomoni kutokea juu, na eneo la kifyatulio likiwa na mwanga nyuma yake. Ambatisha video ya sekunde 15 ya jaribio la kugeuza. Funika namba ya usajili ya bastola kwenye kila picha. Malizia kwa sentensi moja inayosema unataka nini: nyingine, matengenezo au fedha zako.

Bastola yenyewe usiitume kamwe. Mafundi hufanya kazi kwa mifano ya plastiki au alumini, na sheria za kusafirisha silaha ni kali kila mahali. Gharama ya kurudisha kifurushi mkubaliane kwa maandishi kabla hujafika posta, hasa ukiwa Nairobi au Dar es Salaam na fundi akiwa Marekani.

“Dhamana ya maisha ni fedha kurudi wakati wowote.”

Kwa kawaida hufunika kasoro za kazi na malighafi, si kubadili bastola wala kutopendezwa. Ucheleweshaji ni jambo jingine. Kanuni ya tume ya biashara ya Marekani, FTC, humtaka muuzaji wa mtandaoni atume bidhaa ndani ya muda aliotangaza, au siku 30 kama hakutangaza. Akishindwa, lazima akuulize kama unakubali kusubiri, la sivyo akurudishie fedha. Kwa holsta ya kuagizwa, muda ulioandikwa siku uliponunua, tuseme wiki nane, ndio unaomfunga, kwa hiyo hifadhi picha ya ukurasa huo. Ukilipa kwa kadi, iulize benki yako mapema mwisho wa kupinga malipo ni lini, maana fundi anayekuahidi “wiki ijayo” mara nne anaweza kukupitisha siku hizo.

Ukisubiri nyingine, bastola ikae kwenye kabati la chuma lenye kufuli, si ndani ya holsta ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kutu huanza haraka, hasa pwani. Mpya ikifika, anza majaribio yote upya, kisha kagua skrubu baada ya wiki ya kwanza ya kuivaa.